Mwiko wa Ufuta Nyumbani kwa Kasmiri

Ifakara
10 Machi 2024

Mwanangu Ritha,

Kabla sijakusalimu niliandike hili kwanza, maana najijua: nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Mwiko wa ufuta tulionao nyumbani si wa mababu. Niliutunga mimi, siku tulipoanua tanga la baba yako, Kasmiri, mwaka 1984. Nimekulea tangu ukiwa na miaka sita, nimekusomesha, nimekuozesha, na siku zote hizo nimekuficha.

Sasa salamu. Mimi nipo, lakini moyo umechoka kusukuma damu. Miguu imevimba, nalala nimeegemea mito kama abiria anayesubiri treni Mang'ula. Daktari alipokuja alimwita dada yako Devota nje ya mlango wakaongea kwa muda. Wanadhani kwa kuwa sisikii, basi na sura ya mtu siisomi. Devota mwenyewe hajambo, ila ananipikia mboga zisizo na chumvi na kuniangalia mpaka nimalize. Baba yako mdogo Evod alikuja toka Idete na samaki wakavu wa kuniuguzia, akakaa siku mbili, akawala mwenyewe. Maji ya mto yamepanda, mpunga wa mabondeni sijui kama watu wataupata.

Ujumbe wako wa simu Devota aliniandikia kwenye karatasi, maana siku hizi nasikia kwa macho tu. "Baba Mkubwa, nimekula ufuta bila kujua. Nimevunja mwiko. Nifanye nini?" Devota alikuwa anacheka wakati anaandika, kisha nikaona ameacha kucheka. Yeye na utu uzima wake wote hajawahi kutia ufuta mdomoni.

Usifanye kitu. Hakuna wa kumtuliza wala wa kumwomba radhi. Kula.

Ukinijibu usitumie simu, simu anaishika Devota. Andika kwa mkono, funga bahasha, mpe kondakta wa basi la Morogoro, naye atampa wa basi la huku. Niambie ulivyoula. Ninauliza kwa sababu nataka kujua.

Baba yako mkubwa,
Agapiti


Tanga, Ngamiani
1 Aprili 2024

Baba Mkubwa, shikamoo.

Pole kwa kuumwa. Natumaini barua hii itakukuta umepata nafuu ya miguu. Huku sisi wazima. Mjukuu wako Viktor amepata kazi bandarini, kazi yenyewe ya kupanda ngazi, na unakumbuka alivyokuwa anaogopa hata kupanda mpera. Banda langu la chakula linaendelea, wateja wapo, ingawa mvua ikinyesha wanakula wakiwa wamesimama.

Umeniuliza nilivyoula. Jirani yangu pale sokoni ni Hajira, ana duka la viungo na tende, babu zake walitoka Yemeni. Siku hiyo alikuja na kopo na kipande cha mkate.

"Mama Viktor, onja."

"Nini hii?"

"Onja kwanza, uliza baadaye. Ingekuwa sumu ningekufa mimi wa kwanza, naila tangu sijaota meno."

Nilionja. Rojo zito, rangi ya mchanga uliolowa, linang'ang'ania kwenye kaakaa. Lina uchungu kidogo mwanzoni, kisha mafuta, kisha kitu kama karanga lakini si karanga, kimetulia zaidi. Baba Mkubwa, sijui nikuelezeje. Nilihisi nimeingia jiko ninalolijua. Nikachukua tena, nikachukua tena, Hajira akawa ananicheka, "Acha basi na kopo." Nilipomuuliza, akasema, "Ufuta tu, mwenzangu. Unakaangwa kidogo, unasagwa, basi. Kwetu tunaita tahina."

Nilitoka mbio nikatapika mtaroni. Nilisukutua mdomo kwa maji, kwa chumvi, kwa ndimu. Ile wiki nzima kila nikisikia tumbo linanguruma nilijua ndio safari. Hajira alidhani nimemdharau, akaninunia.

Barua yako ilipokuja niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaenda kumwomba msamaha Hajira, nikanunua ufuta mbichi, na tangu hapo ninapika. Ninatia kwenye mchicha badala ya nazi. Kisamvu nacho, lakini ni lazima rojo liingie mwishoni na moto uwe mdogo, la sivyo linakatika na kuwa chengachenga. Bilinganya ninazichoma kwenye makaa, namenya, naponda na ufuta, kitunguu saumu na ndimu, wateja wanachovya mkate wa kumimina mpaka sahani inang'aa. Na kwa mtoto wa Viktor natia kijiko kwenye uji. Hajira ananitania kwamba nimechelewa kuzaliwa, sasa nalipiza.

Lakini usiku huwa ninawaza, na nitauliza kwa adabu. Nimekua nikijua mambo mawili. La kwanza, ufuta ni mwiko kwetu. La pili, mwiko umetokana na mama yangu, Bernadetha, kumuua baba kwa mboga ya ufuta aliyoitia sumu, ndiyo maana alifukuzwa nami sikupaswa kumtaja. Sasa unaniambia la kwanza ulilitunga wewe.

Na la pili je, lilitungwa na nani?

Mwanao,
Ritha


Ifakara
22 Aprili 2024

Mwanangu Ritha,

Barua yako imenifikia ikiwa inanuka viungo. Nashukuru. Mwambie Viktor asiangalie chini akiwa ngazini. Hapa Devota ameniletea fimbo ya chuma yenye miguu minne, ninatembea nayo mpaka barazani na kurudi, nikifika kitandani nahema kama niliyelima. Evod anasalimu. Amegombana na watu wa Idete kuhusu mpaka wa shamba, jambo ambalo kwake ni dalili ya afya njema.

Nimeisoma sehemu ya bilinganya mara nyingi. Hujui, lakini mimi kwa kazi yangu ya ubwana shamba nimewafundisha watu wa vijiji vingi vya bonde hili kulima ufuta: nafasi kati ya mistari, siku ya kukata kabla vitumba havijapasuka, namna ya kuusimamisha ukauke. Asubuhi ninahubiri ufuta, jioni ninarudi kwenye nyumba ambayo ufuta ni haramu. Watu walidhani ni huzuni ya ndugu. Waliniheshimu kwa hilo.

Nitakueleza. Mwaka ule serikali ilitupa mbegu za ufuta za kugawa. Zilikuwa zimepakwa dawa ya kuzuia wadudu, unga wa kijivu. Baadhi nilimpa Kasmiri apande. Alipanda, zikabaki. Ilikuwa Februari, miezi ya njaa, ghala limekwisha na mpunga bado haujachanua. Mama yako akazitwanga zile zilizobaki, akapika na majani ya maboga. Kasmiri alirudi shambani, akatengewa wa kwanza kama ilivyo kwetu, mwanamke na mtoto wanangoja. Hakumaliza sahani. Alikufa kabla hatujapata gari la kumleta hospitali.

Msibani kila mtu aliuliza neno moja: "Mbona yeye hakula?" Hakuna aliyekumbuka kwamba mke yeyote wa Idete siku ile alikuwa bado hajala, anamngoja mume amalize. Mama yako akanyoosha mkono kwangu mbele ya watu, akasema, "Muulizeni shemeji." Wakaniuliza. Nikajibu hivi, na nayakumbuka maneno yangu: "Mimi nilimpa Kasmiri mbegu za kupanda. Sikumpa mtu ufuta wa kula." Ilikuwa kweli, Ritha. Kila neno lilikuwa kweli. Wakahitimisha wenyewe kwamba alijua zina dawa na akapika makusudi. Wakamvusha mto kwa mtumbwi, kwao Lupiro, na wewe wakakubakiza kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Siku ya kuanua tanga nikatangaza mwiko, ili neno ufuta lisitamkwe tena nyumbani na mtu asije siku moja akakaa akafikiri.

Kwa hiyo haikuwa sumu ya makusudi. Mama yako alikosea tu, kwa njaa. Ni ajali.

Nimekwisha kuungama kwa padre, nimepakwa mafuta. Mungu amesikia. Ninachokuomba ni kwamba jambo hili libaki kati yetu mpaka nitakapozikwa. Devota asijue. Baada ya hapo semeni mnavyotaka.

Baba yako mkubwa,
Agapiti


Tanga
9 Juni 2024

Shikamoo Baba Mkubwa. Sisi wazima.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana.

Siku ya kipaimara changu, nje ya kanisa, alikuja mwanamke mwembamba amejifunga kanga mpya, amebeba kuku mweupe. Nilimjua. Nilikuwa na miaka kumi na minne na gauni jeupe ulilonishonea. Akasema, "Mwanangu, hongera." Mimi nikakutazama wewe. Ulikuwa umesimama na wasimamizi wa kipaimara, ukaangalia pembeni. Nikampa mgongo. Nikasikia nyuma yangu kuku analia, nadhani alikuwa amembana sana.

Ulijua siku ile kwamba hakuua mtu. Ulijua, na ukaangalia pembeni.

Unasema padre ameshakuondolea dhambi. Padre amekusamehe chumbani, mlango umefungwa. Mama yangu alihukumiwa uwanjani, mbele ya Idete nzima. Kama hukumu ilikuwa ya hadharani, na kufutwa kwake kuwe hadharani. Sikuombi pesa wala shamba. Nataka umwite Evod, umwite Devota, useme kwa mdomo wako, ukiwa hai, kwamba Bernadetha hakumuua mumewe. Ukishazikwa mimi ndiye nitakayekuwa nasema, na watajibu, "Huyo ni mwanawe, anamtetea."

Na uniambie jambo moja. Bado yuko hai?

Ritha


Ifakara
24 Juni 2024

Mwanangu,

Hujanisalimia kama mtu anayetaka kujua hali yangu, lakini nitakuambia. Nimepungua. Mkono unatetemeka, utaona kwenye maandishi. Devota amehamishia kitanda changu sebuleni ili anione akiwa jikoni, kwa hiyo ninakuandikia akiwa ameenda sokoni.

Yuko hai. Yuko Lupiro, upande wa kushoto ukitoka barabara kuu, karibu na mashine ya kukoboa mpunga. Hakuolewa tena. Hupati kwangu zaidi ya hayo kwa sababu zaidi ya hayo sijui. Zamani kulikuwa na kivuko, sikuenda kumwona, nikasema kivuko ni cha shida. Wakajenga daraja. Nikasema miguu.

Hilo la kumwita Evod na Devota unaliona jepesi kwa kuwa uko mbali. Evod ndiye aliyeshika kasia la ule mtumbwi. Alikuwa kijana, alimvusha shemeji yake huku anamtukana njia nzima, na mimi niliyemtuma nilibaki ukingoni. Nikimwambia leo, namwambia kwamba maisha yake yote amejisifia jambo la aibu. Na Devota. Devota ananiogesha, Ritha. Kila asubuhi. Unataka aniogeshe akiwa anajua?

Watu bado wananiita bwana shamba. Wanaleta majani yenye madoa mpaka hapa kitandani niwaambie ni ugonjwa gani, na mimi nawaambia. Ndicho kilichobaki.

Fanya hivi. Njoo huku, pita kwangu kwanza. Tutaongea, kisha nitakupa mtu akupeleke Lupiro, na labda nikipata nguvu tutaenda wote. Usiende moja kwa moja. Kuna mambo ni bora uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwake.

Nakungoja.

Agapiti


Tanga
31 Agosti 2024

Shikamoo Baba Mkubwa.

Devota alinieleza kwa simu kwamba umelazwa ukarudishwa nyumbani. Pole. Viktor anakusalimu, mtoto wake ameanza kusimama dede.

Nilipita Ifakara. Nilikuwa kwenye basi la Mahenge, kiti cha dirishani. Tulisimama stendi muda wa mtu kunywa chai, nikaona hata paa la bati la kanisa letu. Sikushuka.

Pale mashine ya kukoboa Lupiro niliwauliza vijana wa bodaboda nyumba ya Bernadetha. Mmoja akasema, "Bibi Anayeonja?" Sikuelewa. Akanipeleka.

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Ni mdogo, Baba Mkubwa, sijui alipungua au mimi ndiye niliyekuwa namkumbuka mkubwa. Nikampigia magoti, nikasema, "Shikamoo mama, mimi Ritha." Hakulia. Aliniangalia, akasema, "Marahaba. Umekula?" Nikasema bado. Akainuka akawasha moto.

Nilikuwa nimebeba kopo la ufuta niliosaga mwenyewe. Nilimpa nikiwa naogopa. Alifungua, akanusa, akaingiza ncha ya kidole. "Umeukaanga mno," akasema. "Ufuta ukianza kuruka ruka chunguni unaepua, huungoji ubadilike rangi." Basi. Hayo ndiyo maneno marefu ya kwanza ambayo mama yangu ameniambia tangu niwe na akili. Kisha akautia kwenye majani ya maboga.

Chakula kilipoiva nilinyoosha mkono kumtengea yeye kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa. Akaushika mkono wangu, akaurudisha. Akachota kijiko katikati ya chungu, akala, akafungua mdomo nione kwamba amemeza. Akakaa. Akangoja, mikono mapajani. Halafu akasema, "Haya, sasa kula mwanangu."

Anamfanyia hivyo kila mtu. Jirani yake, mama Aikande, aliniambia, "Hata msibani, hata kwa watoto wadogo. Hagawi mpaka ale yeye wa kwanza na watu wamtazame. Sisi tulishazoea, tunamwambia bibi acha, tunakuamini. Hakubali." Miaka arobaini, Baba Mkubwa. Anaonja mbele ya watoto.

Nilimsomea barua yako ya Aprili, yote. Ulipoandika "mama yako alikosea tu, kwa njaa", alinyanyua mkono nisimame hapo. Nikadhani atakasirika. Alicheka kidogo, lakini hakikuwa kicheko cha kufurahi. Akasema, "Kwa hiyo amesema nusu." Nikamwomba anieleze nusu nyingine. Akakataa. "Mimi nilishasema siku ile uwanjani, nikaambiwa mwongo na muuaji. Sisemi mara ya pili. Mwambie shemeji akueleze nilimuuliza nini. Akikataa, aende nalo, mimi nimeshazoea kulibeba."

Nilibaki naye mpaka basi la kurudi. Hakunilaumu hata kwa kuku.

Kwa hiyo ndiyo maana ulitaka nipite kwako kwanza.

Alikuuliza nini?

Ritha


Ifakara
15 Septemba 2024

Dada Ritha,

Ni mimi Devota ninayeandika, usishtuke kwa mwandiko. Baba mkono umekataa kabisa. Ameniomba nikae na kalamu, na amemwita baba mdogo Evod toka Idete, yupo hapa amekaa kwenye kochi na kofia mapajani. Baba ameniambia niandike kila atakachosema kama atakavyosema, nisirekebishe. Barua zako amenipa nizisome. Zilikuwa chini ya godoro upande wa ukutani, na mimi ninatandika kitanda hicho kila siku. Kuanzia hapa ni maneno yake.

Mwanangu Ritha. Salamu zako nimezipata. Hali yangu Devota atakuambia, mimi sina muda nayo. Mtoto wa Viktor akianza kutembea msimkimbize.

Ulitaka niseme mbele ya Evod na Devota. Wapo. Nimeshasema: Bernadetha hakumuua Kasmiri. Zilikuwa mbegu nilizozileta mimi, zikiwa na dawa niliyoijua mimi, na nilinyamaza akafukuzwa. Evod ameniuliza mara mbili, Devota akaniandikia swali lake kwenye karatasi, "Kaka, na mimi nilivyomvusha vile?" Nimemwambia alimvusha mtu asiye na kosa.

(Dada, hapa baba mdogo ametoka nje. Amesimama kwenye migomba ametupa mgongo. Baba anamtazama kupitia dirishani na ameniambia niendelee.)

Nimemwagiza Evod mambo mawili. Avuke daraja aende Lupiro, na asiende mikono mitupu wala peke yake, aende na wazee waliobaki wa siku ile. Na amlete Bernadetha Idete kwenye kaburi la mumewe, kwa sababu toka siku ile hajaruhusiwa kulikanyaga. Akikataa kuja, wamrudie tena, na wasimkasirikie. Na mwiko wa ufuta umekwisha. Devota, andika hivyo. Umekwisha, na hakuna tambiko, maana haukuwa kitu.

Sasa swali lako.

Kwanza nilitaka kukuandikia kwamba sikumsikia. Ingeaminika. Nilikuwa juu ya pikipiki ya ofisi na injini inanguruma. Masikio yangu leo hayana kazi, lakini siku ile yalisikia vizuri. Pili nilitaka kukuandikia kwamba nilimkataza na yeye hakutii. Hilo ndilo nililoliweka akilini muda mrefu kiasi kwamba kuna miaka nililiamini. Padre naye nilimwambia kwamba nilinyamaza. Sikumwambia hili.

Ilikuwa njiani pale Idete, kwenye kona ya kisima. Nilikuwa nimevaa shati la kazi na kalamu mfukoni, nawahi mkutano. Mama yako alinisimamisha kwa mkono. Alikuwa na kibakuli kidogo, ndani zile mbegu za kijivu. Wewe ulikuwa umeshika kanga yake, huwezi kukumbuka. Ulikuwa unalia njaa.

Ujue kwamba chuoni hatukuwahi kufundishwa jibu la swali lake. Tulifundishwa zinapandwa. Zikibaki je, mtu akiwa na njaa je, hakuna mwalimu aliyelitaja. Kulikuwa na neno moja tu la kweli la kumjibu, nalo ni sijui. Ningemwambia, "Sijui, shemeji, ngoja niulize," angeziacha. Alikuja kuuliza, maana yake alikuwa tayari kuziacha. Lakini mimi nilikuwa bwana shamba, na yeye ni mwanamke aliyeishia darasa la nne, na watu wawili walikuwa kisimani wanachota maji wanatusikiliza. Neno lile halikunitoka.

(Hapa nilimwandikia, "Baba, tuache mpaka kesho?" Akatikisa kichwa. Baba mdogo amerudi ndani, amekaa.)

Andika, Devota.

Aliniuliza, "Shemeji, hizi zilizobaki, nikiziosha mpaka hii dawa yote itoke, zinalika?"

Sikuzima hata pikipiki. Nilimwambia, "Osha mara tatu. Zinalika."